Mtini Ndani ya Friza

Ukitaka watu wa mtaa wetu wa Mabawa wakuone umepungukiwa, panda mti ndani ya friza. Mimi nilipanda. Friza lenyewe lilikuwa jeupe, refu, limeletwa na mwenye duka mmoja nilitengeneze, likashindikana, na mwenyewe hakurudi kulichukua. Ubavuni lilikuwa bado na picha ya askrimu iliyofifia kwa jua. Basi kila aliyepita langoni aliuliza askrimu ya majani inauzwaje, na kila aliyeuliza alijiona wa kwanza kuuliza. Mke wangu aliwajibu kwa niaba yangu. Aliwaambia wasubiri, bado haijaganda.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini friza. Ningemjibu. Mimi ni fundi wa mafriji mwaka wa ishirini sasa, na kama kuna kitu nakijua ni joto linavyoingia na linavyozuiwa. Pipa la plastiki likikaa juu ya saruji mwezi wa kwanza, hapa Tanga, mizizi iliyomo ndani inachemka kama muhogo. Friza lina sponji nene katikati ya kuta zake. Mizizi inakaa kivulini mchana kutwa. Na mtini hauwekwi ardhini karibu na nyumba, kwa sababu mizizi yake inanusa maji kama mbwa, inafuata mabomba, inapasua karo, na siku unayogundua huwa umeshachelewa. Yote haya niliyauliza na kuyasoma kabla sijashika koleo. Lakini mtaani elimu ya namna hii haina msikilizaji. Wao walitaka askrimu.

Mti wenyewe niliupanda kwa ajili ya mama yangu. Mama ni mzaliwa wa Pemba, aliletwa Tanga akiwa bibi harusi na hakuondoka tena. Kwa zaidi ya miaka arobaini amesomesha watoto wa mtaa Kurani, kila siku alasiri, kwenye baraza ya uani. Ni mwalimu wa kizamani. Watoto wanaoanza hawapewi daftari, wanapewa ubao wa mti, wanaandikiwa herufi kwa wino wa masizi, na wakishahifadhi ubao unaoshwa wanaandikiwa nyingine. Wakifika kwenye ile sura fupi ya tini, kila mwaka anatokea mtoto wa kuuliza tini ni kitu gani. Mama hujibu kwamba ni tunda. Mtoto akizidi kuuliza, mama humtolea moja kavu, ile ya pakti inayouzwa madukani mwezi wa Ramadhani, iliyobanwa mpaka imekuwa kama kishikizo cha koti. Mbichi alikuwa hajapata kuiona. Miaka arobaini anafundisha jina la kitu asichokijua sura, na kwa mama yangu hilo lilikuwa kama deni.

Sasa nifike kwenye saruji, kwa sababu ugomvi wote ulianzia hapo, ingawa mimi nilichelewa kujua.

Miaka sita nyuma masika yalipiga vibaya, na ua wetu ukageuka bwawa. Mafriji ya wateja yalikuwa yanasimama kwenye tope, na mteja akija akiona friji lake limevaa viatu vya matope anaanza kuongea mambo ya bei. Nikaita mafundi, nikasakafia ua mzima, ukuta kwa ukuta, zege la kutembelea lori. Mrehani wa mama ukaondoka, mpilipili ukaondoka, mkomamanga wa pembeni tukaukata. Nilimwambia majani yote hayo yanapatikana sokoni. Mama siku ile alisimama mlangoni na kanga yake begani, akaangalia, kisha akauliza swali moja tu.

"Umemaliza kote?"

"Kote, mama," nikamjibu, tena kwa majivuno. Hapakubaki udongo wa kujaza kijiko.

Baada ya hapo akaanza kuumwa nyayo. Saruji inachoma, saruji inavuta baridi, saruji haina adabu. Baadaye akaanza kuitaja Pemba. Kaka yake mkubwa yuko kule, ana nyumba yenye nafasi. Siku moja nikamkuta ameshusha begi lake kutoka juu ya kabati, amelipanga, ameliweka ubavuni mwa kitanda. Nilimuuliza nani kamkosea. Akasema hakuna aliyemkosea, ila mtu akizeeka anataka kukaa penye ardhi. Unabishana vipi na neno kama hilo? Kama angesema mke wangu kampunguzia sukari kwenye chai ningejua pa kuanzia. Niliogopa, nasema kweli. Baba alishatangulia, dada yangu ameolewa Mombasa, na nyumba ile bila sauti ya mama ikiwakemea watoto alasiri nilikuwa siwezi hata kuifikiria.

Nikaja na wazo la tini. Dada yangu alikuwa ameuona mtini kwa jirani yake kule Mombasa. Akaomba vijiti vinane, akavifunga kwenye kanga yenye maji, akaja navyo. Pale mpakani Horohoro afisa wa forodha akamuuliza ni nini, naye akasema miswaki. Yule bwana akamwambia ukoo wenu unapenda kusafisha meno. Katika vinane vikashika viwili. Mke wangu anasema vilivyobaki viliozeshwa na mimi, kwa kuving'oa kila asubuhi kuangalia kama vimetoa mizizi. Siwezi kukataa.

Mama alipoonyeshwa vile vijiti viwili na kuambiwa hiyo ndiyo mitini, alivishika kwa mikono miwili.

"Basi nitangoja niione tini inavyokuwa," akasema. "Nikishaiona, nitakwenda zangu."

Mimi nilisikia nusu ya kwanza nikaishika. Ile nusu ya pili niliamua itasahaulika yenyewe.

Mti wa kwanza nikauweka kwenye pipa la buluu, karibu na lango. Wa pili nikauweka kwenye friza, mbele ya baraza ya mama, ili auone kila siku. Nilichanganya udongo mwenyewe: udongo mwekundu, samadi ya mbuzi, na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa niliyoletewa kutoka Pangani. Pipa nikalitoboa matundu chini. Friza halikuhitaji kutobolewa. Friza la aina ile lina tundu lake kule chini, upande unaotazama ukuta, la kutolea maji ya barafu inapoyeyuka. Nikachomoa kizibo chake cha mpira, nikakiweka kwenye kizingiti cha dirisha la mama, nikakisahau hapo.

Mwaka wa kwanza mitini ile ilinipa raha ambayo sikuitarajia. Majani yalifunguka mapana kama viganja vya baharia. Nilikuwa nikirudi kazini naipita kwanza mitini kabla ya kumsalimia mke wangu, na alilisema hilo mbele za wageni.

Halafu mtaa ukagundua kwamba majani ya mtini ni dawa ya sukari.

Sijui nani alilianzisha. Ninachojua ni nani alikuwa wa kwanza kulifanyia kazi: jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mama wa makamo ya mama yangu, Msambaa, mjane wa mfanyakazi wa shamba la mkonge, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri. Ana sukari kweli, hilo silibishi. Kila asubuhi alivuka barabara, akaingia langoni, akachuma majani matatu manne ya kwenye pipa, akamsalimia mama kwa sauti ya juu, akaondoka. Akisikia naguna ananiambia hata katika Maandiko kuna mfalme aliyewekewa tini kwenye jipu akapona. Nikamjibu kwamba mfalme aliwekewa tini, hakuumaliza mti. Nilibandika karatasi kwenye pipa: USICHUME MAJANI. Asubuhi yake aliisoma kwa sauti, akausifu mwandiko wangu, akachuma.

Nilipomshtakia mama, alisema yeye ndiye kampa ruhusa.

"Mti wa kwako?" nikamuuliza.

"Nilidhani wangu," akasema.

Ulipoingia mwaka wa pili ikaja dhuluma yenyewe. Mti wa kwenye pipa, unaopukutishwa kila siku kama kuku wa karamu, ukawa unachipua kwa ubishi. Mti wa kwenye friza, ambao haukuguswa na mtu, wenye kivuli cha mizizi na makumbi ya Pangani na mapenzi yangu yote, ukaanza kuwa manjano. Majani yalianza kulegea, yakawa yanaanguka moja moja. Ulikuwa umeshatoa tini tatu, ndogo kama kunazi. Zikaanguka zote ndani ya wiki mbili. Niliziokota nikaziweka kwenye kisahani dirishani, kama vile zingebadili mawazo.

Hapo nikawa mtu wa kusikiliza kila mtu. Muuza miche alisema minyoo ya mizizi, nikamwagia maji ya mwarobaini. Mteja mmoja akasema chumvi, nikabadilisha udongo wa juu. Mke wangu alisema ni husuda, maana niliusifu mno. Dada yangu akasema kwa simu kwamba mti una kiu ya kwao Mombasa. Nilimuuliza mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshinda nao, kama mti unapata maji.

"Unapata," akasema. "Tena maji mema."

Nikaridhika. Fundi wa miaka ishirini anaambiwa maji mema, anaridhika.

Na kipindi hicho mjomba akapiga simu kutoka Pemba kuuliza chumba kipakwe rangi gani. Mama alimjibu nikiwa nasikia. Akasema atakuja baada ya maulidi ya Mfungo Sita, tini au bila tini, kwa sababu mti wa mwanawe unaonekana hauna nia. Ilikuwa imebaki kama miezi miwili. Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nikaamua kuufukua ule mti niuone ugonjwa wake kwa macho.

Koleo lilipozama tu nikasikia harufu. Udongo ulikuwa tope jeusi, unanuka kama mkoko maji yakitoka. Nikachimba pembeni taratibu nisikate mizizi. Kidogo chini, koleo likagusa kitu laini. Nikakifukua. Kilikuwa kifurushi cha kitambaa cheupe, kimefungwa kwa uzi. Chini yake kingine. Chini yake kingine tena.

Mimi ni mtu wa umeme na gesi. Ukiniambia friji limerogwa nakwambia angalia waya. Lakini siku ile nilirudi nyuma hatua tatu, na midomo yangu ikawa inamwomba Mungu kinga kabla mimi sijaiagiza. Vifurushi vitatu vyeupe, vimezikwa kwenye mti wangu, mti unakufa, mama anaondoka. Kila kitu kikapata maelezo kwa mpigo. Na aliyekuwa akiingia kwangu kila siku kuushika mti alikuwa mtu mmoja tu. Kwamba alikuwa akiushika ule mwingine sikuliona wakati huo. Mtu akishapata mchawi haangalii mambo madogo.

Sikuvigusa kwa mkono. Nilivipakia juu ya koleo, nikatoka langoni, nikavuka barabara, watu wakiniona. Jirani alikuwa mlangoni kwake anachambua mchicha. Nikalishusha koleo mbele ya miguu yake.

"Hivi ni nini?" nikamuuliza.

Hakuangalia koleo. Aliniangalia mimi.

"Leo hukuniamkia," akasema.

Miaka yote niliyoishi pale, tangu natambaa, sijapata kumkuta yule mama bila kumpa shikamoo. Maneno yale yalinipiga, lakini hasira ilikuwa imeshakatika breki. Nikarudia swali. Nikasema vimetoka kwenye mti wangu, na nataka kujua vilifikaje. Akaweka mchicha chini.

"Mwanangu, mimi nachuma majani, na nachuma mchana, mbele ya mama yako. Nikitaka kukuroga nitaanza kwa kuomba ruhusa?"

Hapo nikasikia ndara nyuma yangu. Mama alikuwa amevuka barabara, mtu ambaye hata dukani hatumruhusu kwenda peke yake. Alitazama koleo. Uso wake uligeuka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, hata siku aliyofariki baba.

"Umevibeba kwa koleo?" akaniuliza. "Umevipitisha barabarani, juu ya koleo la samadi?"

Akainama, akaviokota kimoja kimoja, akavifuta tope kwa kanga yake, akavikumbatia. Ndipo nikaelewa kwamba ni vyake. Kimoja kilikuwa kimefunguka pembeni, nikaona karatasi, na kwenye karatasi herufi. Zilikuwa kurasa za juzuu za Kurani, zilizochanika kwa kufunuliwa na vidole vya watoto mwaka baada ya mwaka.

Sina haja ya kumweleza mtu wa pwani, lakini mimi ilibidi nielezwe pale barabarani kama mgeni. Karatasi yenye maneno ya Mungu ikichakaa haitupwi jalalani wala haiwashiwi moto wa kupikia. Inazikwa mahali safi, pasipokanyagwa. Na maji yaliyooshea mbao za watoto ni hivyo hivyo: yana herufi ndani yake, hayamwagwi njiani. Miaka yote mama alikuwa akivizika chini ya mkomamanga, pembeni ya ua, na maji akiyamwaga hapo hapo. Mimi niliyasikia maji yale yakimwagwa kila alasiri ya utoto wangu. Nilijifunza kusoma kwenye mbao zile zile. Na nilipousakafia ua ukuta kwa ukuta, halikunijia hata mara moja kujiuliza yatakwenda wapi.

"Sasa baada ya saruji ulikuwa unayamwaga wapi?" nikamuuliza.

Aliyejibu ni jirani.

"Kwangu," akasema. "Chini ya mlimau. Miaka mitatu mama yako alivuka na ndoo yake kila jioni, na mimi nilimwambia asiwe na wasiwasi, hapa mtu hapiti. Halafu miguu ikamkataa. Ukaleta friza lako, akafurahi kapata udongo wa kwake. Majani ninachuma kwa sababu aliniambia nichume. Alisema hana kingine cha kunilipa."

Nilisimama na koleo tupu. Yule mama, mwimbaji wa kwaya, alikuwa ameyatunzia heshima maneno ya mama yangu miaka mitatu, na mimi nimemvukia barabara asubuhi na shutuma badala ya shikamoo. Nilitamani ardhi inimeze, ila upande wetu nilikuwa nimeshaiziba.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza mama, na sauti yangu ilikuwa bado ya hasira, kwa sababu sikuwa na nyingine karibu.

"Nilikuuliza kama umemaliza kote. Ukasema kote. Ningekwambia nini, ubomoe?"

Nilirudi nyumbani, nikalala kifudifudi nyuma ya friza, nikamulika tundu la maji. Kizibo kilikuwa mahali pake, kimekazwa vizuri. Nikauliza nani kaziba, ingawa nilikuwa nimeshajua. Mama alikuwa ameketi barazani na vifurushi vyake mapajani.

"Mimi. Nikimwaga juu, yanatokea chini, yanakwenda njiani, watoto wanayakanyaga. Nikamwambia mmoja wao apige magoti alizibe lile tundu kwa kile kizibo. Nilikiona dirishani, nikashukuru, nikasema mwanangu kaniwekea."

Kila mteja anayeniletea friza lenye maji ndani namwambia jambo moja kabla hata ya kulifungua: angalia tundu la maji. Nalisema kwa kiburi, maana wengi hawaangalii. Mwaka mzima nilimwagia mwarobaini, nikabadilisha udongo, nikamshuku mtu wa watu, na sikuinama mara moja kuangalia tundu la maji. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwomba asiseme kitu, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakusema.

Nilichomoa kile kizibo. Mama kwanza alinilazimisha niweke beseni chini, na yale maji meusi tukayakinga beseni baada ya beseni, tukayapeleka kwenye mlimau wa jirani. Nilibeba mimi. Mara ya kwanza kuvuka nilimkuta pale pale mlangoni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Aliiacha ikae hewani. Akamaliza jani moja la mchicha, akachukua la pili. Kisha akasema marahaba, na akaniambia niangalie nisimwage mlangoni. Nikamwomba radhi. Alisema amesikia. Tangu siku hiyo majani ya sukari nampelekea mwenyewe kila Jumamosi, nimeyachuma vizuri, yale yaliyokomaa, na ananiambia mara nyingi kwamba alikuwa anachagua bora kuliko mimi.

Mti niliutoa, nikakata mizizi iliyooza, nikaurudisha kwenye udongo mpya ukiwa umebaki nusu. Kisha nikachukua mtaimbo na nyundo, nikaenda pembeni ulipokuwa mkomamanga, nikaanza kuvunja. Laiti ningemlipa fundi mvivu. Zege lile nililitaka nene mwenyewe, nikasimamia mwenyewe, na sasa lilinidai kila tone la jasho. Siku mbili, viganja vimetoka malengelenge, nimepata shimo la kama mita moja kwa mita moja. Udongo uliokuwa chini ulikuwa mkavu na mweupe, kama umesahauliwa. Mama alivizika vifurushi vyake. Alasiri akaja na beseni la maji ya mbao, akamwaga taratibu. Udongo uliyanywa yote, ukabaki na rangi. Nikamtazama nikingoja neno. Alisema ni padogo.

Kuhusu Pemba hakusema lolote. Begi likabaki ubavuni mwa kitanda. Mfungo Sita ukaingia, maulidi yakasomwa, mwezi ukaisha. Sikumuuliza. Kila nilipopita mlango wake nilikuwa naangalia kwanza begi, kisha yeye.

Mtini ulinyong'onyea mpaka nikaukatia tamaa, halafu ukachipua. Na baada ya muda mrefu ukatoa tini moja. Nilipoiona sikufurahi. Nilikumbuka ile nusu ya pili ya maneno ya mama, ile niliyoamua itasahaulika: nikishaiona, nitakwenda zangu. Tini ikawa inavimba. Nikachukua soksi yangu nikaivalisha, nikaifunga kwa uzi. Mama aliuliza soksi ya nini. Nikamwambia kunguru. Na kunguru wa Tanga mtu yeyote anawajua, jibu lilitosha. Halikumtosha mke wangu.

"Unamficha kunguru," akaniuliza jikoni, "au unamficha mama?"

Nilikaa na swali lile siku nne. Ya tano nikaona aibu. Mtu amesubiri miaka arobaini, na mimi nimemvalishia soksi. Alasiri, watoto wakiwa wamekaa na mbao zao, nikaifungua. Ilikuwa laini, imeinama shingo, rangi ya zambarau iliyopauka. Nikaikata na kikonyo chake, nikampelekea mama kwenye kisahani.

Aliisomea bismillahi, akaipasua. Akaitazama ndani muda mrefu, ule wekundu na vijimbegu vyake. Akawaita watoto mmoja mmoja waje waangalie, na yeye akamwambia kila mmoja, "Hii ndiyo." Kisha akaikata kwa kisu vipande ambavyo sijui alivipataje, kila mtoto kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, mke wangu kimoja, kingine kikafunikwa kwa ajili ya jirani. Cha mwisho akakitia mdomoni. Nilisimama mbele yake kama mtuhumiwa. Alitafuna bila haraka.

"Tamu kiasi," akasema. "Ile kavu tamu zaidi."

Miaka miwili na nusu. Vijiti vinane, friza, mwarobaini, malengelenge, aibu ya barabarani. Nilihisi damu inapanda kichwani, na kabla sijajizuia nikalitoa lile nililokuwa nimelimeza miezi yote.

"Haya, mama. Tini umeiona. Pemba lini?"

Alijifuta vidole kwa pembe ya kanga. Akaangalia pale pembeni, kwenye kile kipande cha udongo, kisha akaangalia upande wa pili, kwenye ngazi, penye jua, ambapo saruji yangu ilikuwa nzima na inang'aa.

"Pasua na pale," akasema. "Mrehani hautaki kivuli."

Mke wangu akacheka huko ndani. Mimi nikaenda kutafuta mtaimbo.